Softiboksi kubwa kwa picha za watu: oktaboksi ya sentimita 150 au mstatili wa 90 kwa 120?

Mpigapicha anayeanzisha studio ya picha za watu hulikuta mapema swali la softiboksi kubwa, yaani sanduku la kitambaa linalofungwa mbele ya flashi ili kulainisha mwanga, na mara nyingi hulijibu akiwa dukani, mahali ambapo jibu lake halipo. Huikuta oktaboksi, softiboksi ya pembe nane, ya sentimita 150 imefunguliwa juu ya stendi, nyeupe na imetuna kama tanga la jahazi lililoshika upepo, na kwa kuwa amesikia kwamba taa kubwa ndiyo taa laini, hulipa bila kujiuliza itakaa umbali gani kutoka kwenye uso wa mteja. Hapa naliweka swali hilo la umbali mbele ya mengine yote. Ninalinganisha softiboksi mbili nilizozitumia kwa miaka kadhaa katika chumba kimoja jijini Dar es Salaam, oktaboksi ya sentimita 150 yenye kina kirefu na mstatili wa sentimita 90 kwa 120, kisha nitagusa oktaboksi ya sentimita 120 na mwavuli mkubwa wenye kitambaa, kwa kuwa wapo ambao hizo ndizo zitakazowafaa.

Chumba chenyewe kina upana wa mita 3.2, urefu wa mita 4.5, na dari iliyo mita 2.7 kutoka sakafuni, yenye pangaboi katikati. Ni chumba cha kawaida cha fremu ya biashara, na vipimo hivyo vitarudi mara nyingi katika maelezo yanayofuata, kwa sababu vimeamua mambo mengi kuliko softiboksi zenyewe.

Ulaini hupimwa kutoka usoni

Kivuli huwa na ukingo mkali pale taa inapoonekana ndogo kutoka alipo mteja, na ukingo huo hulainika kadiri taa inavyoonekana kubwa. Oktaboksi ya sentimita 150 iliyowekwa mita 3 kutoka usoni huonekana na uso huo kwa ukubwa uleule wa taa ya sentimita 75 iliyowekwa mita 1.5, na kivuli cha pua kitatoka na ukingo uleule. Mwenye kununua taa kubwa kisha akaiweka mbali amelipia kitambaa ambacho picha haitakiona. Kanuni ya kazi wanayoifuata wapigapicha wengi ni kuiweka softiboksi umbali usiozidi ulalo wake, na hapo ndipo mstatili wa 90 kwa 120 unaposhangaza, kwa kuwa ulalo wake kutoka kona hadi kona ni sentimita 150 kamili, sawasawa na kipenyo cha oktaboksi kubwa.

Eneo la uso wa taa, hata hivyo, halilingani. Oktaboksi ya sentimita 150, ikipimwa kutoka kona hadi kona, ina takriban mita za mraba 1.6, ilhali mstatili una 1.08, kwa hiyo ya kwanza ni kama mara moja na nusu ya ya pili. Oktaboksi ya sentimita 120 ina karibu mita ya mraba 1.02, ambayo kwa kazi ya kawaida ni sawa na mstatili. Nikiziweka oktaboksi ya 150 na mstatili kwa zamu mita moja kutoka kwa mtu yuleyule, tofauti ya kivuli chini ya kidevu huonekana, lakini ni tofauti ya kuitafuta kwa kuzilaza picha mbili bega kwa bega, si ya kumfanya mteja apende moja na kuikataa nyingine.

Kwenye ngozi ndipo tofauti inapokuwa kubwa, na jambo hili linastahili maelezo marefu kwa sababu wateja wetu wengi wana ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, huku mafunzo mengi ya taa yakiwa yameandaliwa kwa ngozi nyeupe. Ngozi huupokea mwanga kwa namna mbili. Sehemu ya mwanga huingia, hutawanyika na kutoka ikiwa imebeba rangi ya ngozi. Sehemu nyingine hugonga mafuta na jasho la juu na kurudi kama inavyorudi kwenye kioo. Ngozi nyeusi humeza mwingi wa ule unaoingia, kwa hiyo ule unaorudi kama kioo ndio unaotawala macho ya mtazamaji: mng'ao wa paji la uso, wa mfupa wa shavu, wa ncha ya pua. Mng'ao huo ni picha ya taa yenyewe, na una mwangaza unaofuata mwangaza wa uso wa taa.

Chukua basi taa mbili zilizo umbali mmoja, na zote zimerekebishwa hadi kipima mwanga kikatoa f/8 (kipimo cha uwazi wa lenzi) usoni. Mwanga unaofika ni sawa, ila taa kubwa imeutandaza kwenye kitambaa kipana zaidi, na kila sehemu ya kitambaa hicho ina mwangaza hafifu kuliko sehemu kama hiyo ya taa ndogo. Kati ya mita za mraba 1.08 na 1.6 tofauti hiyo ni kama nusu stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua kwa nusu). Mng'ao wa paji la uso hupungua kwa nusu stopu hiyo, na wakati huohuo hupanuka na kupoteza ukingo wake, kiasi kwamba badala ya doa jeupe juu ya nyusi unapata mteremko laini unaoonyesha umbo la fuvu na mashavu. Hapa oktaboksi ya 150 inashinda bila ubishi. Picha za bibi harusi aliyepakwa poda ya kumeremeta, au za mzee ambaye hatapakwa poda yoyote, hutoka kwenye oktaboksi zikihitaji kazi ndogo sana ya kompyuta, na mimi ninaipenda taa hii kwa sababu hiyo moja kuliko sababu nyingine zote.

Chumba kinaposema hapana

Tatizo linaanza unapoiingiza ndani. Mteja akikaa katikati ya chumba cha upana wa mita 3.2, ana mita 1.6 hadi kila ukuta. Oktaboksi yangu ina kina cha sentimita 75, na flashi iliyofungwa nyuma yake inaongeza sentimita 25, kwa hiyo taa nzima inakula mita moja na kumwachia mteja sentimita 60 tu ikiwa imekaa kandoni. Kwa umbali huo taa yenye kipenyo cha mita moja na nusu huufunika uso upande mmoja hadi upande mwingine, vivuli hufutika, na sura iliyo na mfupa mzuri wa shavu hutoka bapa kama picha ya kitambulisho. Mstatili una kina cha sentimita 40. Pamoja na flashi ni 65, na mteja anabakiwa na karibu mita nzima. Tofauti hiyo ya sentimita 35 ndiyo inayoniachia nafasi ya kuamua kivuli kiangukie wapi.

Unaweza kuihamisha oktaboksi na kuiweka mbele kwa mshazari, na ndivyo ninavyofanya mara nyingi, lakini hapo inaingia kati ya kamera na mteja. Kwa lenzi ya milimita 85 nahitaji zaidi ya mita mbili kurudi nyuma ili nipate picha ya nusu mwili, na mteja naye anapaswa kukaa angalau mita moja mbele ya pazia ili kivuli chake kisiangukie pazia. Ndani ya mita 4.5 hesabu hiyo inatosha kwa shida, nami huishia kupiga nikiwa nimeinama chini ya ukingo wa taa.

Dari nayo ina neno lake. Kwa mtu aliyesimama, mwenye kimo cha mita 1.75, napenda kitovu cha taa kiwe kwenye mita 2.1 ili kivuli cha pua kishuke kidogo kuelekea kona ya mdomo. Oktaboksi ya 150 ikiwa wima kwa kimo hicho, ukingo wake wa juu unafika mita 2.85, yaani juu ya dari. Nikiiinamisha nyuzi 30 bado unafika 2.75. Lazima niishushe, na nikiishusha macho yanapata mwanga wa usawa ambao haumpendezi kila mtu. Mteja akikaa kwenye kigoda, kitovu kikashuka hadi mita 1.6, ukingo wa juu huwa kwenye 2.35, chini ya dari lakini ndani ya njia ya mapanga ya pangaboi. Kwa hiyo pangaboi huzimwa, na mwezi wa Februari hapa Dar es Salaam dakika kumi bila pangaboi zinatosha kumtoa mteja jasho usoni. Taa niliyoisifu kwa kupunguza mng'ao ndiyo inayonilazimisha kuuongeza. Mstatili ukisimamishwa kwa urefu wake, kitovu kikiwa kwenye mita 1.6 hiyohiyo, unafika 2.2 na pangaboi linaendelea kuzunguka juu yake.

Kuta nyeupe huongeza jambo la tatu. Softiboksi kubwa hurusha mwanga pande zote, mwanga huo hugonga ukuta wa pili na kurudi upande wa kivuli, na katika chumba chembamba unaweza kukuta upande uliotaka uwe na giza la stopu mbili umebaki na moja. Dawa yake ni gridi ya kitambaa inayofungwa kwa velkro mbele ya taa, nayo hugharimu karibu stopu moja ya mwanga, au karatasi nyeusi kubwa kando ya mteja. Mstatili mwembamba huhitaji dawa hiyo mara chache zaidi.

Familia, macho na miwani

Kwa kikundi, hesabu hugeuka. Mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, na ingawa kwa taa kubwa iliyo karibu upungufu huo si mkali kama kanuni inavyosema, mwelekeo wake ni huo. Watu wanne wamejipanga, wa kwanza yuko mita moja kutoka kwenye taa na wa mwisho mita mbili, wa mwisho atapata kama robo ya mwanga, stopu mbili pungufu. Ukiisogeza taa hadi mita 3 kutoka kwa wa kwanza, wa mwisho akawa kwenye mita 4, tofauti inashuka chini kidogo ya stopu moja, na picha inaokoka. Lakini kwa umbali wa mita 3 ule mstatili wa 90 kwa 120 unakuwa taa ndogo, na vivuli vya pua vinarudi kuwa vikali. Hapa ndipo oktaboksi ya 150 inapolipa bei yake, mradi chumba kiwe na hizo mita 3. Studio zinazoishi kwa picha za familia na mahafali, ambako watu watano huja na majoho wakitaka wote watoke vizuri, zitafute chumba kirefu kwanza na oktaboksi baadaye. Katika chumba changu picha za namna hiyo hupigwa kwa kuielekeza taa mtu wa mbali, ili wa karibu apate mwanga wa ukingoni ulio hafifu zaidi. Njia hiyo hupunguza tofauti vizuri, na mstatili unaifanya kama oktaboksi.

Ndani ya macho, oktaboksi huacha nukta inayokaribia mviringo na mstatili huacha nukta kama dirisha. Wapo wanaolichukulia jambo hili kuwa kubwa. Kwangu zote mbili ni nzuri, na mteja aliyewahi kuniuliza kuhusu umbo la nukta hiyo sijampata bado.

Miwani ni suala zito zaidi, hasa kwa wazee. Lenzi ya miwani huakisi taa kwa pembe fulani, na taa iliyo pana huchukua pembe nyingi, kwa hiyo oktaboksi ya 150 iliyo karibu hutokea kwenye miwani karibu popote utakapoiweka. Mstatili uliosimamishwa, wenye upana wa sentimita 90 tu, unaweza kupandishwa na kusogezwa kando hadi uakisi wake ukaponyoka juu ya fremu.

Uzito na stendi

Oktaboksi yenye kina kirefu huutupa uzito wake mbele, mbali na nguzo ya stendi, na mzigo wote wa kuinama huangukia kwenye kiungo kidogo cha kuinamishia kilicho chini ya flashi. Kiungo hicho kwenye flashi nyingi za bei ya kati ni cha plastiki na skrubu moja. Siku moja nilikuwa nampiga picha bibi mmoja aliyeletwa na wajukuu wake, ameketi kwenye kigoda na khanga yake begani, ametulia kabisa. Nikiwa nimeangalia kwenye kamera nikamsikia akisema, "Mwanangu, hiyo taa yako mbona inanisogelea?" Nilipoinua uso niliona oktaboksi ikishuka polepole, kimya, skrubu ikiwa imekazwa hadi mwisho na meno ya plastiki yakiteleza. Niliidaka kwa mkono ikiwa imefika usawa wa kilemba chake. Nikamwomba radhi, yeye akacheka, lakini mimi sikuweza kucheka, na tangu siku hiyo oktaboksi hiyo haipandi bila kiungo cha chuma kilichonunuliwa peke yake, stendi nzito na mfuko wa mchanga kwenye mguu unaoelekea mbele. Gharama hizo tatu zihesabiwe ndani ya bei ya oktaboksi. Mstatili wangu wenye kina kifupi hukaa kwenye kiungo cha kawaida bila kuteleza, ingawa mfuko wa mchanga naufunga huko pia.

Nje ya studio, ufukweni, wakati wa kaskazi au kusi, zote mbili ni matanga. Sizitoi.

Nguvu ya flashi na usawa wa mwanga

Kila kitambaa cha kulainisha humeza mwanga, kwa kadirio la stopu moja kwa kila tabaka, zaidi kidogo kwa vitambaa vizito. Oktaboksi yenye kitambaa cha ndani na cha nje pamoja na gridi inaweza kuhitaji flashi yenye nguvu mara nane ya ile ambayo ingetosha bila vitu hivyo. Kwa uso wa mtu mmoja katika umbali wa mita moja, flashi ya betri ya wati-sekunde 200 (kipimo cha nguvu ya flashi) hutosha kwa f/8 na ISO 100, ISO ikiwa ni wepesi wa kamera kupokea mwanga. Kwa familia iliyo mita 3, ukiwa na gridi, nenda kwenye wati-sekunde 600, au ukubali kupandisha ISO. Mwenye flashi ndogo aliyepanga kununua oktaboksi kubwa ajue kwamba huenda ananunua vitu viwili.

Usawa wa mwanga juu ya kitambaa ndio unaotenganisha softiboksi nzuri na mbaya, nao hupimwa kwa urahisi. Weka flashi kwenye nguvu ya chini, kamera kwenye ISO 100 na f/16 au zaidi, kisha uipige picha softiboksi yenyewe ikiwa imeielekea kamera. Doa jeupe katikati lenye kingo za kijivu maana yake ni kwamba ulilipia mita ya mraba na unatumia nusu yake. Mstatili wangu ulikuja na kitambaa kimoja tu cha mbele, na kitovu chake kilizidi kingo kwa zaidi ya stopu moja. Nilipoongeza kitambaa cha ndani tofauti ilishuka chini ya nusu. Oktaboksi, kwa sababu ya kina chake, ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Piga pia picha ya kadi ya kijivu, ile ya kukagulia rangi, kwa kila softiboksi, kwa sababu vitambaa vya watengenezaji tofauti huwa na rangi tofauti, vingine vya njano, vingine vyenye kijani kidogo, na ukizitumia mbili kwa pamoja uso mmoja utakuwa na rangi mbili.

Nani achukue ipi

Mwenye chumba chenye upana chini ya mita 3.5 na dari chini ya mita 3, anayepiga mtu mmoja mmoja au wawili, achukue mstatili wa 90 kwa 120 na aongeze kitambaa cha ndani. Mwenye chumba kama hicho anayependa nukta ya mviringo machoni achukue oktaboksi ya 120 ya kina kifupi. Eneo ni lilelile, ila hawezi kuilaza ili kupunguza kimo chake wala kuisimamisha ili kupunguza upana wake. Mwenye ukumbi wa mita 5 kwa 6 na dari ya mita 3 au zaidi achukue oktaboksi ya 150, na asijutie hata shilingi moja, kwa sababu ngozi za wateja wake zitamshukuru. Anayeanza kwa mtaji mdogo achukue mwavuli wa sentimita 150 au zaidi wenye kitambaa cha mbele. Ulaini wake unakaribia sana wa oktaboksi, hufunguka kwa sekunde chache, na kasoro yake kubwa ni mwanga unaovuja nyuma na kugonga kuta, jambo ambalo ukuta uliopakwa rangi ya kijivu hulipunguza.

Chochote utakachochagua, hakikisha ringi yake, yaani pete ya kuifunga kwenye flashi, ni ya aina ya Bowens, isipokuwa tayari una flashi za Profoto au Elinchrom, ambazo zina vifungio vyao. Kampuni ya Bowens yenyewe ilifungwa mwaka 2017, lakini kifungio chake kimechukuliwa na Godox na watengenezaji wengine wengi, na softiboksi yenye ringi hiyo itadumu hata ukibadilisha flashi. Kwa walio pwani, njiti za faibaglasi ni bora kuliko za chuma, kwa kuwa chumvi ya hewani huyafanya maungio yaote kutu na kutu hiyo huacha madoa ya kahawia juu ya kitambaa cheupe.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aifungue softiboksi yote, aifunge kwenye flashi ya aina unayotumia, aiinamishe nyuzi 45 juu ya stendi na kuiacha hapo kwa dakika kumi wakati wewe unakagua mishono na zipu. Pima kwa mkono ukingo wake wa chini mwanzoni na mwishoni. Ikiwa umeshuka hata kwa upana wa kidole, nunua kiungo cha chuma siku hiyohiyo, kabla mtu hajaketi chini yake.